Mama Mukojo wa Naviundu

Ngoie, mama yangu mdogo niliyekuzaa mwenyewe,

Umetoka kuwaaga watu wa avenue, mtaa wetu wote, na najua hutarudi upesi, maana kila nyumba itataka ukae, ule kidogo, uongee. Mimi nimekaa huku nyuma juu ya stuli yangu ya sokoni, na karatasi nimeiweka juu ya sanduku la bitoyo. Barua hii ikinuka samaki wa chumvi, usikunje pua. Harufu hiyo ndiyo iliyokusomesha mpaka ukapata cheti chenye mhuri.

Sitakuambia uchemshe maji wala ulale ndani ya chandarua. Kesho unakwenda Kilwa, kule ziwani, kuwa muuguzi wa watu, nami nitakufundisha chandarua? Hata namna ya kuishi na watu wa kule sitakuambia, kwa sababu bibi yako, mama yangu, ambaye una jina lake, alizaliwa kandokando ya lile ziwa na damu yake unayo. Nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka mingi sana.

Mwezi uliopita ulirudi kutoka stage, mafunzo yako ya hospitalini, umekasirika. Tulikuwa tunakula. Ulituambia kwamba mama mmoja alileta mtoto amevimba uso na miguu, ukamuuliza alimpa nini nyumbani, akakana, halafu mkagundua alikuwa amemtia dawa ya mizizi. Ulisema ulimfokea mbele ya watu wote mpaka akalia. Nakumbuka maneno yako: "Bamama ba vile bafungwe tu." Baba yako alicheka. Mimi niliinuka nikakusanya sahani nikaenda kuziosha, na nyingine bado zilikuwa na ugali wa bukari. Mlidhani nimechoka na soko.

Ngoie, mama wa namna hiyo ni mimi.

Unajua kwamba uliugua mafigo ulipokuwa na miaka saba. Unajua ulilazwa, ukapona, na kwamba hapo ndipo ulipoanza kupenda koti jeupe. Ni mimi niliyekusimulia hivyo, tena kwa majivuno, mbele ya wageni. Ila kila mara niliiruka sehemu yangu. Leo nakupa yote, na wewe utaamua mwenyewe kama nifungwe.

Mwaka ule maji ya bomba yalikatika kwa muda mrefu na watoto wote wa hapa Naviundu waliogea mtoni. Upele uliingia kila nyumba. Mlilala watatu, wanne juu ya godoro moja, mkajikuna usiku kucha, na sisi wazazi tulisema ni mambo ya watoto, yatapita. Wewe ulikuwa na vidonda katikati ya vidole na kiunoni, vingine vilitoa usaha. Nilikupaka mawese. Vikakauka, nikafurahi, nikavisahau.

Halafu asubuhi moja, kama wiki mbili hivi baadaye, uliamka na uso umejaa. Mashavu haya! Macho yamezama kidogo kama ya mtu mwenye shibe. Sasa sikia ujinga wa mama yako. Wanawake wa sokoni walikuwa wakinichokoza kwa ajili yako, kwamba Mama Ngoie anauza samaki lakini mtoto wake anakula miiba, kwa vile ulivyokuwa mwembamba. Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyoonyesha. Basi siku ile nilikuvalisha gauni la Noeli, nikakubeba mpaka sokoni, nikakukalisha juu ya gunia ili wote wakuone. Nikawaambia, "Angalieni, mutoto anakwisha kunona."

Siku tatu nilikutembeza hivyo. Mchana uso ulipungua kidogo, nami nikasema ni kwa sababu unakimbia sana juani. Mtoto wangu alikuwa anaumwa na mimi nilikuwa ninamwonyesha kwa watu kama samaki mnono.

Siku ya nne ulikuja kwangu ukaniambia, "Mama, kojo yangu iko rangi ya chai." Ulisema waziwazi, ukiwa na miaka saba tu. Muuguzi ulikuwa wewe tangu siku ile. Nilikujibu kwamba hunywi maji ya kutosha, nikaendelea kupanga samaki wangu.

Baadaye miguu ikavimba, tumbo likavimba, ukaanza kulia kichwa kinauma. Hapo kiburi kikaisha, ila akili haikuja bado. Baba yako alikuwa kazini Ruashi, kwenye mgodi, anarudi siku ya mapumziko tu. Nilifanya kile ambacho mama yangu angefanya, na mama yake. Unaijua ile poire, kile kipira chekundu chenye mdomo mrefu ambacho kila nyumba ya kwetu inacho, kinaning'inia nyuma ya mlango wa bafu. Mtoto akiwa na homa, lavement. Akikosa hamu ya kula, lavement. Nilinunua mizizi kwa mwanamke mmoja sokoni, nikaichemsha mpaka maji yakawa meusi, nikakupakata kifudifudi juu ya mapaja yangu na kukutia maji yale kwa nyuma. Ulilia. Nilikuimbia huku nikibonyeza. Nilifanya hivyo asubuhi mbili, kwa mapenzi yangu yote, na nataka ulielewe neno hilo kama nilivyoliandika. Hakuna saa niliyokupenda kuliko saa ile nilipokuwa nakudhuru.

Baada ya mara ya pili ulikuwa hukojoi tena, matone tu. Nikakufunga mgongoni nikaenda hospitali.

Pale mapokezi, mbele yangu, kulikuwa na mama mwingine na mtoto wake. Muuguzi wa kiume alimuuliza alimpa nini nyumbani. Yule mama akajibu kweli, alimtia lavement ya mizizi. Lo! Yule bwana alimgeukia na kumpigia kelele mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani. "Munaua batoto na bujinga yenu!" Mama wa watu akainamisha kichwa mpaka kikagusa kichwa cha mtoto.

Zamu yangu ikafika. Akaniuliza ulipewa nini. Nikamwangalia usoni nikasema, "Hapana kitu."

Na kipira kilikuwa ndani ya mfuko wangu, kimeviringwa ndani ya kitenge. Nilikileta kwa sababu nilifikiri nikipata nafasi kule wodini nitakutia tena.

Walikulaza. Wakapima damu yako na mkojo, wakasema ni mafigo, yamewaka ndani. Wakasema maji kwa kipimo na chumvi hapana, hata punje. Chumvi hapana! Kumwambia hivyo mtoto wa muuza bitoyo niliona ni kama wamenitukana. Wakiondoka, nilikuwa nachomoa kipande cha samaki kutoka kwenye mfuko, nakificha ndani ya tonge la bukari, nakulisha. Ulikuwa unakula vizuri, na mimi nilijisifu moyoni kwamba wao na vitabu vyao hawajui mtoto anataka nini. Daktari alipita asubuhi, akakubonyeza miguu, akakuna kichwa. Dawa anatoa na uvimbe haushuki. Hakuelewa. Angeelewaje?

Asubuhi ya tatu macho yako yaligeuka ukaanza kutetemeka, mwili mzima. Presha ilikuwa imepanda mpaka kichwani. Wakakuchoma sindano, wakanitoa nje. Nilikaa chini kwenye korido nikiwa na mfuko wangu mapajani. Niliogopa, Ngoie. Sijawahi tena kuogopa namna ile.

Hapo akaja Mama Astrid. Wewe unamjua akiwa mzee, anayekuja Noeli kula kwetu na kukusahihisha Kifaransa chako. Wakati ule alikuwa muuguzi mkubwa wa wodi ya watoto, na watu walimwogopa. Hakusimama juu yangu. Alivua viatu, akakaa kwenye sakafu kando yangu, akanyoosha miguu kama tuko nyumbani tunachambua majani ya sombe. Halafu akasema, bila hata kuniangalia:

"Mie batoto yangu bote niliwatia lavement. Hata ule wa tatu. Na masomo yangu yote haikunizuiya. Weye ulitumia mizizi gani?"

Hakuuliza kama nilikutia. Aliuliza mizizi gani. Nikafungua mfuko, nikatoa kile kipira, nikakiweka kwenye sakafu katikati yetu. Halafu nikatoa na bitoyo. Nikamwambia yote, na kila nilipomaliza nikakumbuka kingine. Mama Astrid alikinusa kile kipira kama mtu anayenunua samaki, akatikisa kichwa. Alipoona bitoyo alifunga macho kidogo, akasema, "Ah, mama. Kumbe njo ile inavimbisha mutoto."

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Aliniambia mafigo ni kama chujio la kuchujia kinywaji cha munkoyo. Vidonda vile vya upele vilikuwa na vijidudu, mwili wako ukapigana navyo, na uchafu wa vita ile ukaenda kuziba chujio. Ndiyo maana maji yalibaki mwilini na uso ukajaa asubuhi. Mizizi yangu ilikwenda kulikwaruza chujio lililokwisha kuumia, na chumvi yangu ikazidi kuvuta maji. Hakutaja ujinga hata mara moja. Aliinuka, akaenda kumwambia daktari, na daktari akabadilisha dawa saa ileile.

Tangu siku ile sikukupa hata punje ya chumvi. Ulikula bukari na mboga za kuchemsha, ukanuna, ukanitupia tonge usoni. Nilifurahi kutupiwa tonge! Mama Astrid alinipa kazi: kila ukikojoa, mkojo niutie ndani ya chupa ya mayonezi, niutazame kwenye dirisha, nimwambie rangi na kimo. Siku ya kwanza ulikuwa chai nzito na haukufunika hata chini ya chupa. Siku iliyofuata hivyohivyo. Halafu chai nyepesi. Halafu, asubuhi moja, ulikojoa mpaka chupa ikajaa ikamwagikia mikono yangu, na ulikuwa mweupe kidogo, mweupe wa njano, mkojo mzuri wa mtu mwenye afya.

Nikatoka nayo mbio. Nilipita wodi nzima na ile chupa juu kama kombe la mpira. "Angalieni! Angalieni mukojo ya mutoto yangu!" Bamama waliinuka vitandani, wengine wakapiga makofi, mmoja akapiga kigelegele, na yuleyule muuguzi wa mapokezi akasimama mlangoni mdomo wazi. Hapo ndipo waliponiita Mama Mukojo. Watu wanadhani jina hili linanichukiza. Wewe mwenyewe ulipokuwa shuleni ulipigana na watu kwa ajili yake. Mama, hilo ni jina la ushindi wangu, sikutaka kamwe lifutike.

Lakini sikia sehemu ya pili, maana ningeishia hapo ningekuwa bado mwongo.

Tuliporudi Naviundu, majirani walikuja kukuona na kuuliza ilikuwa nini. Nikasema mafigo, Mungu amesaidia. Basi. Sikutaja upele, sikutaja mizizi wala gunia la sokoni. Niliona aibu mbele ya wanawake walewale niliowaringia mashavu yako. Kipira nilikificha chini ya nguo. Wiki nzima nilinyamaza, na watoto wote wa avenue bado walikuwa wanajikuna.

Siku ya maji, bomba lilipofunguliwa, tulikuwa tumepanga bidoni zetu za kutekea foleni pale bombani. Mama Kapya alikuja amemshika mkono mwanawe Kapya. Yule mtoto alikuwa na mashavu yamejaa, macho yamezama. Mama yake akacheka, akanigusa bega, akasema, "Unaona? Na wangu anaanza kunona."

Ngoie, nilijua ninachokiona. Nilijua pia kwamba nikisema, nitasema mbele ya foleni yote, na hapa kwetu foleni ya maji inasambaza habari kuliko redio. Ningeweza kumvuta pembeni. Lakini nilitazama mikono ya watoto wengine waliokuwa pale, mmoja baada ya mwingine, vidole vyote vina vidonda. Hapakuwa na pembeni ya kutosha.

Nikapanda juu ya bidoni yangu. Niliyumba, karibu nianguke. Nikasema kwamba mtoto wangu alivimba hivyohivyo na mimi nikamwonyesha sokoni. Kwamba nilimtia lavement ya mizizi mara mbili. Kwamba nilidanganya hospitalini, na kwamba nilimlisha bitoyo kwa siri huku akifa. Nilisema yote kwa sauti ya kuuzia samaki, maana sauti nyingine sina. Halafu nikamwambia Mama Kapya, "Huyu hanoni. Twende sasa, tuache bidoni."

Nilifikiri watanizomea. Halafu mama mmoja wa nyuma, tuliyekuwa hatusalimiani tangu ugomvi wa kiwanja, akasema polepole, "Na mie nilimutia wangu asubuhi." Mwingine akasema kojo ya wake imekuwa nyeusi na aliona haya kuuliza. Wakaanza kusema wote. Mimi na Mama Kapya tukakimbia na mtoto, na tuliporudi jioni tulikuta bidoni zetu zimejazwa, zimepangwa mlangoni.

Kapya alilala hospitali siku chache tu, kwa sababu aliwahi na mama yake hakuficha kitu. Mama Astrid alikuja kuzungukia avenue nzima siku yake ya mapumziko. Alikagua ngozi za watoto, akapima presha, akapeleka watoto wawili zaidi hospitali, nao wakarudi. Akatuambia kupaka dawa mtoto mmoja ni kazi ya bure ikiwa wanne wanalala pamoja, kwa hiyo ni wote, nyumba zote, siku moja. Unaikumbuka siku hiyo? Mlipakwa dawa nyeupe tangu shingo mpaka vidole vya miguu, mkacheza barabarani kama mizimu. Na magodoro yote yalitoka nje, juu ya kuta, juu ya mapaa ya mabati, juu ya gari bovu la jirani, avenue nzima magodoro kwenye jua. Wanaume waliorudi kutoka mgodini walidhani tunahama.

Mpaka leo tunafanya siku ya magodoro mvua zikikaribia kuanza, na mama yeyote anaweza kubisha mlango wangu na chupa mkononi. Wamebisha wengi. Wengine wana chai ndani ya chupa, nawapeleka. Wengine wana wasiwasi tu, nawapa kiti. Tangu hapo hakuna mtoto wa avenue yetu aliyevimba uso akaonyeshwa sokoni. Nimeuza samaki maisha yangu yote, lakini ukiniuliza nimefanya nini duniani nitakujibu hilo, na nitakujibu kwa sauti kubwa.

Na kesho asubuhi ni Kapya atakayekupeleka. Yule mtoto wa mashavu, leo ana mikono kama nguzo na anaendesha lori la samaki. Barabara ya Kilwa itawatikisa mpaka meno. Umwambie asiende mbio. Atakuambia ndiyo, halafu atakwenda mbio.

Sasa ukumbuke yule mama uliyemfokea. Sikulaumu. Ulikuwa na hasira kwa ajili ya mtoto, na hasira hiyo ni nzuri, usiipoteze. Ila yule bwana wa mapokezi naye alikuwa na hasira kwa ajili ya watoto. Alisema kweli tupu, tena kwa sauti, na kweli yake ilinifanya nifiche kipira siku tatu. Mama Astrid alikaa chini akajitaja yeye kwanza. Kati ya wale wawili, mmoja ndiye aliyekuponya, na ninaomba kwa moyo wote uwe kama yeye.

Utaniambia kwamba huna cha kujitaja, kwamba hujawahi kumdhuru mtoto. Ni kweli. Kwa hiyo nakupa changu.

Ndani ya valizi yako, chini ya nguo za kazi, nimeweka kitenge cha kijani kilichofungwa fundo. Usikifungue ndani ya lori, Kapya atacheka mpaka awaingize mtaroni. Ni ile poire. Mpira umepasuka kidogo, rangi imepauka, haifanyi kazi tena. Nimeitunza kwa aibu, halafu nikaitunza bila aibu, na sasa haina tena kazi kwangu.

Siku mama atakapokaa mbele yako, mtoto wake amevimba, macho yake yako chini, akakuambia hapana kitu, usipaze sauti. Vua viatu, kaa karibu naye. Toa kipira, kiweke kati yenu. Mwambie, "Mama yangu alinitia na hii. Iko Naviundu, anauzisha bitoyo. Mie njo ule mutoto."

Kisha nyamaza, umwache akuangalie vizuri, mzima ulivyo.

Mimi niliyekuzaa,
Mama Mukojo